Jani Lenye Mafundo Mawili

Juu ya Tengeru,
3 Juni 2024

Mjomba Muzammil,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya huko ulikojificha. Kifua kinaendeleaje? Mimi sijambo, ila baridi ya huku ni ya kuadhibu watu. Asubuhi ukungu unashuka kutoka Meru mpaka mlangoni, na ng'ombe unamsikia kabla hujamwona.

Nimeshaingia. Bibi Elizabeth amenipokea kama Catherine wa Babati, msichana wa kazi, vilevile ulivyonifundisha. Siku ya kwanza nusura niharibu kila kitu: nilikaa mezani mbele ya loshoro, ule mseto wao wa mahindi na mtindi, nikasema bismillah kwa sauti. Nikaigeuza kuwa kikohozi. Bibi akanisogezea maji. Mpelelezi wako ana miaka kumi na sita na ameshaanza kuzeeka.

Yule mteka vijana wanayemwita Taratibu, anayewapeleka machimboni, sijamwona. Redio zinamtangaza kila siku na watoto wa Ngarenaro wanatishana kwa jina lake, lakini nyumba hii haina mwanamume. Yupo bibi, nipo mimi, na jirani mzee Aminieli, ambaye hushusha ndizi sokoni na kumwachia Gidion fundi viatu barua zangu.

Hata hivyo nyumba haiko sawa, mjomba. Bibi hupakua sahani tatu. Ya tatu anaifunika, anaingia nayo chumba cha nyuma na kujifungia. Sahani inarudi tupu. Na huko migombani kuna kaburi la saruji limeandikwa: Daniel, mwanangu, 1979–2019. Nilimuuliza alikufa kwa nini. Akasema, "Alianza kufa zamani, mjukuu wangu. Mimi nilimalizia kuzika tu."

Dada Najat ametimiza miezi saba tangu achukuliwe. Kama Taratibu amemficha hapa, nitarudi naye nyumbani Levolosi. Nisiporudi naye sijui nitamtazamaje shangazi usoni. Nashukuru Mungu ulirudi kwa siri kutoka Muscat kutusaidia. Hatujawahi kuonana, lakini nikisoma barua zako najiona nina mtu upande wa marehemu mama.

Mpwa wako,
Twahira


9 Juni 2024

Mwanangu Twahira,

Assalaam aleikum. Barua nimeipata, nami sijambo, kifua kinapungua. Umefanya kazi ya mtu mzima. Marehemu mama yako angejivuna.

Usiwe na haraka. Simu usiguse, yule mtu ana masikio kila mahali, na shangazi yako usimwambie lolote, ataogopa na kuharibu. Fagia, pika, teka maji, na utazame. Chumba cha nyuma usikisogelee mpaka nikwambie.

Hilo kaburi linanishughulisha. Saruji yake imepigwa chokaa au imeachwa hivyo hivyo? Watu walikuja wengi mazishini? Mchungaji aliimbisha wimbo gani? Na huyo mama, akipita hapo hulia? Niandikie yote. Katika kazi hii mambo madogo ndiyo yanayotufikisha.

Jifunike vizuri, baridi ya mwezi huu huingia kwenye mifupa.

Mjomba wako,
Muzammil


19 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sijambo, ingawa mwandiko umepinda kama unavyoona.

Nianze na kaburi, maana umelitaka. Halijapigwa chokaa. Aminieli ananiambia kwamba ndani hamna mtu. Bibi aliweka kwenye jeneza sare ya shule na viatu vya mtoto, mchungaji akakataa kuja kuzika nguo, majirani wakaona aibu. Wimbo aliimba mwenyewe, peke yake. Halii akipita hapo. Hulifagia kila asubuhi, na akimaliza hulichapa kwa ufagio mara moja, hivi unavyomchapa mtoto mtundu, halafu anaenda kukamua ng'ombe.

Sasa sikiliza. Jana saa saba mchana bibi alikwenda kwenye kikundi cha akina mama. Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nikasikia juu ya dari, upande wa chumba cha nyuma, mtu anaimba kwa pua, chini chini. Nikafikiri ni upepo. Mjomba, ilikuwa kaswida! Ile ya maulidi tuliyofundishwa madrasa Ngarenaro, ndani ya nyumba ya Kilutheri yenye picha ya kipaimara ukutani. Na ilikosewa palepale ambapo Najat alikuwa akikosea siku zote, mwalimu akimpiga rula. Niliita "Najat!" mara moja. Ikanyamaza. Sikusikia tena hata hatua.

Nilikaa sakafuni mpaka bibi aliporudi. Nikamwambia kichwa kinauma. Akanishika paji la uso kwa mkono wa baridi, akanipikia uji. Mtu anayefungia watoto wa wenzake darini anawezaje kupika uji mtamu namna ile? Niambie nifanye nini, nafanya leo leo.

Mpwa wako,
Twahira


22 Juni 2024

Mwanangu,

Salaam. Umemaliza kazi. Dada yako ni huyo. Usimwite tena na usipande darini, huyo mama akishtuka atamhamisha usimwone milele.

Fanya hivi. Mpakani mwa shamba kuna sale, ule mmea wa majani marefu mabichi. Kata jani moja, lifunge mafundo mawili, mkabidhi bibi kwa mikono miwili na umwombe afungue chumba. Kwa watu wa mlima ule jani la sale ni kuomba radhi, na anayeletewa hana ruhusa ya kukataa. Atafungua. Usisahau: mafundo mawili.

Najat akishuka, mshike mkono mteremke naye mpaka barabara ya chini. Gari jeupe litawasubiri siku ya Alhamisi kuanzia saa tatu asubuhi. Mimi nitakuwa ndani. Hatimaye tutaonana.

Mjomba wako,
Muzammil


1 Julai 2024

Twahira mwanangu,

Hujambo? Mbona kimya? Gari limesubiri siku tatu. Kama unaumwa sema, nitume mtu aje kukuchukua.

Mjomba


10 Julai 2024

Kwako wewe,

Shikamoo nimeizuia. Afya yako siiulizi.

Nilikata jani, nikalifunga mafundo mawili, nikampelekea bibi akiwa anachambua maharage. Alilipokea vizuri. Kisha akayaona mafundo, akaketi sakafuni, ungo ukapinduka. Akaniuliza, "Nani amekufundisha kufunga mawili?" Nikasema nimejifungia tu. "Mwongo wewe. Watu wote hufunga moja. Ni mtoto mmoja tu aliyekuwa ananiletea mawili. Moja la kosa alilokamatwa nalo, la pili la kosa ambalo sijalijua bado."

Akanitajia jina la mtoto huyo, Daniel. Akanitajia na jina lingine, hilo la redioni. Kwa hiyo wewe ndiwe Taratibu, na mwezi mzima nimekuwa nikikuamkia na kukuuliza habari za kifua.

Nililia, sikufichi. Mtu wa Muscat angejuaje habari za sale? Sikujiuliza. Nilitaka mno kuwa na mjomba.

Bibi akafungua chumba, akaweka ngazi, Najat akashuka. Amekonda kama ufito. Nimejua yote sasa; hasemi, ila ameniandikia kwenye daftari. Uliwahi kujisifu mbele yake kwamba ipo nyumba moja tu huwezi kuikanyaga, ya mama yako, kwa sababu mlima mzima unaijua sura yako. Alipokutoroka akaja huku huku, kwa miguu. Bibi akampandisha darini asimwambie hata Aminieli. Tangu siku hiyo Najat hakusema neno, bibi hakujua hata jina lake, alikuwa akiimba tu. Sauti yangu aliisikia jikoni wiki zote zile, akadhani ni wewe unamchezea akili.

Nawe ukashuku yuko hapa. Ulishindwa kuja, ukanituma mimi nikutafutie dada yangu na nimlete garini kwa mkono wangu. Shangazi amepiga simu Muscat. Mjomba Muzammil yupo dukani kwake, miaka kumi na tano hajakanyaga Tanzania. Habari zake ulimtoa Najat kinywani ukiwa umemfungia.

Najat hayupo hapa tena, usihangaike. Polisi wanalo jina lako na ile picha ya kipaimara. Mtu anayechukua barua kwa Gidion ni tofauti kila mara, hilo nimewaambia pia, wamecheka wakasema ni kawaida yako.

Ila lipo jambo moja hukulipigia hesabu. Jani limepokelewa. Bibi anasema mwenye kuomba radhi si mimi niliyelibeba, ni wewe uliyelituma, na yeye hawezi kukataa. Lakini radhi haipokelewi kwa barua. Njoo Jumapili, tarehe 21, baada ya ibada, upande ngazi za baraza mbele ya watu uipokee mkononi mwake. Askari watakuwepo. Mimi nilitaka kukuficha hilo, bibi amenikataza.

Twahira, ambaye si mpwa wako


16 Julai 2024

Binti Twahira,

Hujambo? Mimi mzima. Kifua kimepona, asante kwa kutouliza.

Jana saa nne asubuhi ulikuwa unaanika nguo. Ulivaa sweta la mama la bluu, limekuzidi mikono. Ukungu wa mwezi wa saba ni rafiki yangu tangu utotoni, unaweza kusimama katika shamba la watu na usionekane hata na mbwa. Nilikuwa migombani, nimesimama juu ya kaburi langu. Saruji imepasuka upande wa miguuni. Sikujua kama ni dogo vile.

Ulipita na beseni tupu, hatua nne kutoka nilipo. Ukaona kivuli na kofia, ukadhani ni Aminieli. Ukasema, "Shikamoo babu." Nikaitikia marahaba. Kwa hiyo shikamoo yako nimeipata hata hivyo.

Ningeweza kukuchukua. Gari lilikuwa chini, na wewe hukuwa umeshika hata fimbo. Halafu mama akakohoa ndani, nikaondoka. Usiite huruma. Sipendi tu kufanya kazi nikisikia sauti ile.

Jumapili sitakuja. Nimeishi miaka mingi kwa kutokwenda ninakoitwa. Mwambie mama alitupe hilo jani kwa ng'ombe. Na Najat mwambie kwamba kesi bila shahidi ni maneno, na yeye hana sauti.

D.


Levolosi, Arusha,
30 Agosti 2024

Kwa Daniel, mahabusu,

Habari za huko. Sisi ni wazima. Sikuwa na nia ya kukuandikia tena, lakini kuna swali linaninyima raha na hakuna mwingine wa kuliuliza.

Tangu ile barua yako ya mwisho nilikuwa nikitoka nje narusha mawe migombani kabla ya kuanika hata leso. Aminieli alinisalimia mara mbili nikamkimbia, maskini. Ulisema hutakuja, nasi tulikuamini. Askari nao walikuamini, maana walichelewa. Watu walipotoka kanisani wakakaa uani kwa bibi, hakuna aliyegusa chai. Bibi akasimama juu ya ngazi za baraza ameshika lile jani, limeshanyauka. Ikafika saa sita. Nikamwambia aingie ndani apumzike. Hapo ndipo ulipotokea, umevaa suti, umenyoa ndevu, mtu wa kawaida kabisa. Hilo ndilo lililonitisha zaidi ya yote. Ungekuwa mwalimu wangu wa hesabu.

Ulipanda ngazi. Alikushika mkono. Akasema, "Nimekusamehe, Daniel." Akina mama wakaanza kulia, mimi nikawa nasubiri ukimbie. Gari la polisi lilikuwa limekwama kwenye tope chini ya zahanati, sote tulisikia injini ikilia. Robo saa nzima! Wewe unayeruka kuta, uliyewaponyoka askari wa mikoa sita kwa mujibu wa redio, ulisimama umeshikwa mkono na bibi wa miaka themanini na mbili mpaka pingu zilipofika. Kwa nini?

Najat alikutambua kwenye gwaride la utambuzi polisi, nadhani umeshaambiwa. Kidole kilinyooka. Akasema, "Ni huyu." Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza tangu mwaka jana, na uliyasikia wewe kabla ya shangazi, jambo ambalo nakuchukia kwalo. Sasa anaongea kidogo kidogo. Jana amenigombeza kwa kuunguza maharage, tukafurahi nyumba nzima. Bado analala na taa.

Mama yako amekusamehe. Mimi bado, na sidhani kama nitaweza. Wale vijana wengine uliowapeleka machimboni, mama zao wanaendelea kusubiri barazani. Waandikie polisi walipo.

Twahira


Gerezani,
12 Septemba 2024

Binti Twahira,

Hujambo. Mimi nipo. Barua yako imefunguliwa na kusomwa na watu watatu kabla yangu, sasa najua inavyokuwa.

Polisi nimewapa majina kumi na moja na mahali walipo. Tisa watarudi.

Umeniuliza kwa nini sikukimbia. Nilikuja nikiwa na njia mbili za kutokea, moja nyuma ya zizi, moja mtoni. Nilitaka kumwona tu, kisha niondoke kabla injini ile haijatoka kwenye tope. Niliposikia "nimekusamehe" niliuvuta mkono. Ninyi wote mlikuwa mnanitazama usoni, hamkuona. Niliuvuta mara moja, naye akayumba. Mama alikuwa kwenye ngazi ya juu, pale pasipo na ukuta wa kushika, na magoti yake hayakuwa na nguvu hata kidogo. Nikaelewa kwamba hakunishika ili nisiende. Alinishika ili asianguke. Ningejitoa, angeanguka kwa kichwa kwenye saruji, mbele yangu, na mimi ndiye ningekuwa nimemwangusha.

Nikasema nisubiri kidogo mpaka apate nguvu. Nikasubiri. Hakuzipata.

Nimefikiri sana humu ndani, taa za humu hazizimwi. Sijui kama siku nyingine ningesubiri. Nakwambia ukweli ili usilale ukidhani nimekuwa mtu mwema, na ili ukiona kivuli kwenye ukungu uendelee kurusha mawe.

Anataka kuja kunitembelea mwezi ujao. Mlango wa kuingilia wageni una ngazi sita, na hazina cha kushika. Tafadhali asipande peke yake. Mshike wewe.

Daniel, mwana wa Elizabeth