Gari Halikuvuka Laga

Kakuma, Turkana,
19 Mei 2013.

Mpendwa Shangazi Jerotich,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Hujambo? Goti lako linaendeleaje tangu baridi ianze huko Kapsabet? Kogo, nyanya yangu, naye anakula vizuri? Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu, ingawa usingizi wangu haujatulia. Ndiyo sababu nimechelewa kukujibu, niwie radhi.

Huku mvua imekatika. Mbuzi wamenenepa, na watu wakikutana njiani wanasalimiana "ejok" kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu nije.

Uliniuliza ni nini kilinipata mwezi wa nne, hata nikakupigia simu kisha nikashindwa kusema. Kwa simu sikuweza. Acha nijaribu kwa kalamu.

Novemba iliyopita sisi wauguzi na madereva wa kliniki yetu tuliitwa Lodwar kwa mafunzo ya dharura. Mkufunzi, Bwana Ochola, alitugawia kitabu cha mwongozo, akatuingiza kwenye zoezi la kuigiza. Yeye alileta habari kwenye vikaratasi, nasi tukatafuta kitabuni la kufanya, kisha tukaamua. Mimi niliwekwa kiongozi. Kikaratasi kikaja: mama ana uchungu wa kuzaa ng'ambo ya laga, na laga imejaa. Laga zetu, Shangazi, ni mito ya mchanga mtupu, lakini mvua ikinyesha milimani maji hushuka kwa kishindo na kubeba hata lori. Nikafungua ukurasa wa mafuriko. Ulikataza gari kuingia kwenye maji yanayokwenda kasi. Nikatangaza kuwa gari halivuki.

Akuwam, dereva wetu wa ambulensi, akasimama. "Sista, huyo mama akikufa, utaambia bwana yake ni ukurasa gani ilikataa?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akatuambia mkewe, Apua, alifariki upande wa Kataboi akijifungua, na gari lilikuwa limesimama ng'ambo likingoja maji yapungue. Kisha akatoka nje.

Bwana Ochola hakusema nani amekosea. Alingoja Akuwam arudi, ndipo akasema, "Mmefungua kitabu pale maji yameshafika. Rudini nyuma kidogo." Tukaanza upya na kurasa za kabla ya mvua. Zilisema akina mama walio karibu kujifungua wahamishiwe mapema upande wa hospitali, na mkunga mwenye dawa akakae ng'ambo. Akuwam ndiye aliyetusomea, polepole.

Tuliporudi Kakuma, mvua za mwezi wa nne zilipokaribia, tukafanya hivyo. Mkunga wetu, Namuar, alikwenda kukaa ng'ambo ya Tarach, laga yetu ya hapa, na sanduku la dawa na redio ya mawasiliano. Akina mama wengi walikubali kuhama. Mmoja akakataa: Nyaluak, binti aliyekimbia vita Sudan Kusini. Mama yake hawezi kutembea, naye hakutaka kumwacha peke yake. Nilimbembeleza, sikumlazimisha.

Mvua ikaja. Mchana mmoja Namuar akaita redioni: Nyaluak ana uchungu, na mtoto ametanguliza miguu. Akuwam alikuwa ameshawasha gari. Tulipofika ukingoni, maji mekundu yalikuwa yakipita na mti mzima, mizizi juu.

"Sema, Sista," Akuwam akaniambia.

Kule Lodwar neno lile lilinitoka upesi. Siku hiyo, Shangazi, nililitafuta mdomoni nisilione. Mwishowe nikasema, "Hatuvuki."

Nilidhani ataingia tu. Akazima gari, akaniwekea ufunguo mkononi. "Shika wewe. Nikikaa nayo, nitaingia."

Tukaketi pale pale, kitabu magotini pangu, nikimsomea Namuar hatua moja baada ya nyingine. Akuwam alitandaza koti lake juu yetu kurasa zisilowe. Mtoto alitoka, lakini hakulia. Kisha Nyaluak akaanza kutokwa na damu. Nikasoma habari ya sindano na ya kusugua tumbo, nikarudia na kurudia mpaka sauti ikanikauka. Jua lilikuwa linashuka Namuar aliposema damu imekatika.

Kesho yake maji yalipungua, tukavuka. Nyaluak alikuwa hai. Mwanawe alikuwa amefunikwa shuka. Nilikwenda kwa mama yake aliyeketi mlangoni, nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyekataza gari.

Akaniuliza, "Ni wewe nilisikia kwa redio, hiyo mchana yote?"

"Ni mimi, mama."

"Basi kaa."

Nikakaa naye mpaka Akuwam na wanaume wa kanisa walipomaliza kuchimba kaburi.

Wenzangu wananiambia nisijilaumu, kwa sababu nilifuata mwongozo. Ni kweli kitabu kilinisaidia kuamua. Lakini usiku nikifumba macho, naiona ile shuka, na ukurasa wa kunisaidia hapo sijaupata. Nyaluak amepona, juzi nilimkuta akiteka maji, akanisalimia yeye kwanza.

Sasa waandaaji wa mafunzo wametuomba, mimi na Akuwam, tukawaongoze wafanyakazi wapya kwenye zoezi lile kule Lodwar. Nimekubali, ila nimeomba lisiishie pale uamuzi unapotolewa. Anayeamua ainuke, avuke chumba, akamweleze mzazi aliyefiwa. Wakauliza nani ataigiza mzazi huyo. Akuwam akasema atakaa yeye kwenye hicho kiti.

Nisalimie binamu Sylvia na watoto wake, na umshike Kogo mikono yote miwili kwa niaba yangu. Uniombee, nami nakuombea. Mwenyezi Mungu akufunike na akulaze salama kila siku.

Ni mimi mwanao akupendaye daima,

Jebet