Glasi ya Mechi ya Kwanza

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu sana, nikitumaini magoti yamekupa nafuu na shemeji ameacha kugombana na madaktari wake. Huku sote tu wazima, ila nina jambo linalonikosesha utulivu, nawe utalisikia. Barua yako ilifika Jumanne iliyopita. Niliinusa kabla ya kuisoma, kama nilivyofanya kwa miaka yote hii thelathini na minane tangu nihamie huku, nikitafuta harufu ya nyumba yetu. Safari hii haikuwa na kitu. Nikasingizia posta.

Ligi imeanza juzi, Jumamosi. Unajua mkwe wangu hupika bia mwenyewe katika ghala lililo chini ya chumba changu, mapipa sita tu, na kila mwaka hutenga pipa moja kwa ajili ya mechi ya ufunguzi. Wiki moja kabla, huniletea glasi hapa juu, akasimama mlangoni akijifuta mikono kwenye aproni. Nikisema bado, haulizi sababu, anarudi kuanza upya. Nikisema tayari, basi. Binti yangu hutania kwamba mumewe hakumwoa yeye, aliuoa ulimi wa baba yake. Ndiyo kazi pekee niliyobaki nayo, mdogo wangu. Kwa mengine yote huambiwa nikae nipumzike.

Mwaka huu nilikunywa, nikaitazama rangi, dhahabu iliyokolea, povu limesimama vizuri. Nikamwambia iko tayari.

Jumamosi ukumbi wake wa kuuzia bia, hapa chini, ulijaa jezi za kijani za timu yetu tangu mchana. Fundi saa alikaa kiti chake cha siku zote chini ya televisheni, akatangaza kwamba mwaka huu kombe ni letu. Wakamwambia tangazo hilo lina miaka tisa, alibadilishe betri. Kipenga kikalia. Mimi sikutazama mpira, nilitazama midomo. Fundi saa alionja, akakunja uso. Nikageukia televisheni: mshambuliaji wetu alikuwa amepaisha mpira juu ya goli tupu. Jirani wa ghorofa ya pili naye akakunja uso, na kumbe tumefungwa. Nikashindwa kujua wanasikitikia timu au bia. Mapumziko yalipofika glasi zilikuwa nusu kwenye kila meza, na fundi saa, ambaye hajawahi kubakiza tone, akaomba soda.

Tulifungwa mbili bila.

Jana asubuhi mkwe wangu alipanda ngazi bila aproni. Akanieleza kwamba alikuwa ameionja bia ile kabla ya kuniletea, akasikia uchachu kama wa siki. Lakini niliposema iko tayari, aliamini ulimi wake ndio mbovu.

“Baba, wewe hukosei,” aliniambia. “Basi ni mimi. Mtu asiye na ulimi hawezi kupika bia.”

Ameyauza mapipa yote; kuna mtu anakuja leo saa kumi kuyachukua.

Mdogo wangu, tangu homa ile ya mwezi wa tatu sinusi chochote wala sisikii ladha. Kahawa kwangu ni maji ya moto. Sikumwambia mtu, hata binti yangu, kwa sababu nilijua siku nitakayosema, glasi ile haitapanda ngazi tena. Nimekuandikia wewe kwanza ili nione kama maneno haya yanaandikika.

Yameandikika. Sasa ni saa tisa na robo, namsikia chini akiviringisha mapipa kuelekea mlangoni. Nashuka kumwambia kwamba ulimi wake ulisema kweli, na aliyedanganya ni mimi.

Msalimie shemeji na watoto wote. Na utakaponijibu, tafadhali niandikie nyumba yetu inanukaje.

Ni mimi akupendaye,
Kaka yako