Kwa Nini Nilimwacha Mwalimu Leonidas Ubaoni

Mtwara

Mama mpendwa,

Goti limepoa, au bado linakusumbua ukienda kibanjani kwenye migomba? Mimi ni mzima, ila joto la huku linanifanya niitamani mvua ya kwetu.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema Mwalimu Leonidas alikuja hapo Nshamba kulalamika kwamba nimemvunjia heshima, na unauliza imekuwaje nifike Bukoba nisifike nyumbani. Nakujibu yote.

Nilitumwa kuendesha semina ya walimu wa hisabati pale Kibeta, mjini Bukoba, siku mbili. Kwenye orodha ya washiriki nikaona jina lake. Unakumbuka nilipokuwa Kidato cha Pili? Nilitafuta x na y kichwani, nikaandika majibu bila kuonyesha njia. Akanipigisha magoti mbele ya darasa, akisema nimeibia majibu. Nilimwomba anipe swali jingine nilifanye mbele ya macho yake, akakataa. Kisha akaja nyumbani kukwambia binti yako ni mwizi, nawe ukanichapa yeye akiwa amekaa anatazama.

Basi kwenye semina nikaandika ubaoni 2x + 3y = 12, na chini yake 2x − y = 4.

"Mwalimu Leonidas, tusaidie."

Akatoa mlinganyo wa chini kwenye wa juu. x zikaondoka vizuri, lakini penye 3y kutoa hasi y akaandika 2y. Akapata y ni nne.

"Na x?" nikamuuliza.

Mlinganyo wa juu ukampa sifuri, wa chini ukampa nne. Akafuta, akarudia, yakaja yale yale. Mwalimu mmoja akanyoosha mkono amsaidie, nikamwambia aushushe.

"Madam, nielekeze basi," akasema kwa sauti ndogo.

"Endelea kutafuta."

Nikamwacha pale hadi saa ya chai. Watu walicheka, nami nilicheka, Mama. Ilikuwa tamu.

Kwenye chai akanifuata. "Nimekukosea nini, mwanangu?"

Hakunikumbuka! Nikamtajia jina langu, na lako, na yale magoti. Akatazama kikombe chake. "Wanafunzi walikuwa wengi," akasema.

Ndiyo maana sikuja. Nilijua utaniambia nisamehe. Tena yeye alikuwa mtu baki. Wewe ni mama yangu, na ulimwamini yeye.

Akija tena, mwambie kutoa hasi y ni kujumlisha y. y ni mbili, x ni tatu. Si lazima uelewe, mwambie tu kwamba nimekutuma mimi. Kisha mwambie, majirani wakisikia, kwamba Koku hakuibia. Ukishayasema hayo kwa kinywa chako, nipigie simu siku hiyohiyo, nami nitakata tiketi.

Nisalimie Baba, shangazi Adela anayekusaidia palizi, na kaka Deo na pikipiki zake za kutengeneza. Wote nawawaza.

Ni mimi binti yako, mwenye hasira na mwenye kukupenda,

Koku