Timu Inayolipwa Giza Likiingia

Mke wangu Mama Sauda,

Mbalamwezi imerudi. Kuanzia Kibirizi mpaka huku mwaloni Ujiji mitumbwi imevutwa mchangani, nyavu zimeanikwa, na wavuvi wanashinda wakicheza bao na kubishana. Ungekuwepo ungeshanituma sokoni kununua unga wa muhogo, kwa sababu ulijua kwamba siku kama hizi ndizo vijana wa timu wanapopita nyumbani "kukusalimia", na kwamba salamu zao huanza muda mfupi kabla ya chakula kuiva.

Bado wanakuja. Hilo ndilo nililotaka kukuambia kwanza.

La pili ni refu, nawe unajua ninavyoeleza mambo. Ulizoea kunikatiza: "Mwalimu, anzia mwisho, nina chungu motoni." Basi naanzia mwisho. Jumapili wanachama wa Timu ya Mwalo wanakutana, na mimi, mwenyekiti wao, natakiwa nisaini karatasi mbele yao. Nikisaini nitakuwa nimesema uongo. Nisiposaini timu haitacheza tena ligi yake msimu ujao. Tangu nilipoletewa karatasi hiyo nazunguka humu ndani kama mtu aliyefungiwa mlango kwa nje.

Barua hii wataisoma na wengine, kwa hiyo uniwie radhi nikieleza mambo uliyoyajua kuliko mimi. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa. Kukiwa na giza huifuata taa na kuingia wavuni. Mbalamwezi iking'aa hutawanyika, na mvuvi mwenye akili hubaki nyumbani. Ndiyo maana mwambao huu una fedha giza linapokuwepo na hauna kitu mbalamwezi inapotawala. Nayo timu yetu, tangu ilipoanzishwa, ukiacha msimu mmoja, inaishi kwa beseni: kila mtumbwi unaorudi na dagaa unatenga beseni moja la timu, linanadiwa palepale mwaloni mitumbwi inapofikia, na fedha yake ndiyo mshahara wa wachezaji. Hakuna giza, hakuna beseni. Hakuna beseni, hakuna mshahara.

Unakumbuka jioni niliyokueleza kwa nini siku za giza hazikai mahali pamoja kwenye kalenda? Nilikuweka karibu na taa, nikachukua chungwa, nikalizungusha kichwani kwako kama nilivyokuwa nikiwafanyia wanafunzi wa jiografia. Nilikuwa nimefika katikati ya maelezo uliponiuliza, "Baba Sauda, hilo chungwa tutalila, au ni la kufundishia tu?" Tukalila. Lakini hesabu ile ndiyo inayotutesa leo. Safari nyingine giza huangukia mwisho wa mwezi, vijana wanalipwa kama watumishi wa serikali na kila mtu anatusifu. Safari nyingine tarehe ya mshahara hukuta mbalamwezi imetanda ziwani, nasi tunawaambia vijana neno letu la siku zote: "Subirini giza."

Wakati wa kusubiri ulikuwa wako. Sufuria lile kubwa lililonunuliwa kwa ajili ya harusi ya Sauda halikurudi tena darini. Uliweka ugali wa muhogo upande huu, dagaa wa mawese upande ule, ukakaa kwenye kigoda ukiwahesabu kwa macho. "Wewe beki, mbona hukushiba jana? Leo kaa karibu na mimi." Nilipokuja na habari za mazoezi na mbinu za kocha, ulinitazama tu. "Timu yenu," ulisema siku moja, "ina mwenyekiti, ina katibu, ina kocha na msaidizi wa kocha. Sufuria ni moja."

Nilicheka. Leo nikiikumbuka kauli hiyo sicheki.

Pia hukuwahi kwenda uwanjani. Miaka yote ile. Mashabiki wenzangu walidhani dini inakuzuia, au mimi ndiye ninayekuzuia. Ni mimi peke yangu niliyepewa sababu, siku Bukuru, yule kiungo anayetoka Gungu aliye nahodha sasa, alipoanguka kwenye mechi bila kuguswa na mtu. Ulikuwa unaosha vyombo, hukunigeukia. "Siku mtakayowalipa watoto hawa kwa tarehe, kama ulivyokuwa ukilipwa wewe ualimu, nitavaa khanga mpya nije kuwatazama. Kabla ya hapo siwezi. Nitawatazamaje wakikimbia, na mimi ndiye najua walichokula?"

Sasa sheria ya kulipa kwa tarehe imekuja, Mama Sauda. Imekuja wewe ukiwa umeshaondoka.

Shirikisho la mpira linasema klabu inayotaka leseni ithibitishe mambo matatu: kwamba hesabu zake zimekaguliwa, kwamba haidaiwi na wachezaji wake, na kwamba mishahara inalipwa benki kila mwezi kwa tarehe inayojulikana. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi hata nikakitazama kigoda chako. Nikaenda mpaka kijiwe cha kahawa pale Katubuka kuwaeleza wenzangu. Nikawakumbusha yule mfadhili wetu, aliyetubeba msimu mzima, kisha akakasirikia kadi nyekundu ya mpwa wake akaondoka na jezi, mipira na nyavu za magoli. Siku ile uliangua kicheko uliposikia hata nyavu zimeenda. Nikawaambia sheria imewekwa kwa ajili ya mambo kama hayo: timu isiwe mali ya hasira ya mtu mmoja, na mchezaji asiwe mtu wa kuahidiwa.

Maulidi, fundi wa mashine za mitumbwi, unamjua alivyo, alinisubiri nimalize kikombe.

"Mwalimu, aliyeandika sheria hii amewahi kumuona dagaa?"

"Huenda amemuona kwenye sahani," akajibu mwingine, wakacheka.

"Basi! Wenzetu wana viingilio, wana matangazo kifuani. Sisi kifuani tuna nini? Jasho! Halafu tupimwe kwa mizani moja? Hii ni sheria ya kututoa, Mwalimu. Wanataka ligi ya matajiri watupu."

Bi Asha, anayekaanga dagaa pale pembeni, hakuinua hata kichwa. "Maulidi, wiki iliyopita ulimtukana mwenye mtumbwi mbele ya watoto wake kwa sababu alikuambia usubiri giza."

"Ile ilikuwa fedha ya kazi yangu!"

"Na Bukuru anafanya nini pale uwanjani, anaota jua?"

Kijiwe kizima kikamzomea Maulidi, naye akacheka na kuagiza kahawa nyingine kwa deni. Lakini nilirudi nyumbani nikijua kwamba wote wawili wamesema kweli, na kwamba ukweli wa mmoja hauondoi ukweli wa mwingine. Ni haki kijana alipwe kwa tarehe. Na ni kweli ziwa halina tarehe. Na serikali inapolifunga ziwa ili samaki wazaliane, hata hilo giza lenyewe halitusaidii.

Usidhani nilikaa kimya. Niliwapigia simu wahusika wa leseni. Akapokea kijana mpole sana, akaniamkia, akanisikiliza. Nilimweleza taa, wavu, beseni, karibu nimtajie chungwa. Nikamwomba jambo moja tu: turuhusiwe kulipa kila giza, bila kukosa, na wakaguzi waje mwaloni waone kwa macho yao. "Mzee wangu, nakuelewa kabisa," akasema. "Lakini mfumo hauna sehemu ya kuandika mbalamwezi."

Nikamshukuru. Nami nimefundisha miaka mingi, najua ilivyo kusimamia mtihani ambao hukuutunga.

Kisha katibu wetu akaja na karatasi. Inasema wachezaji wote wamelipwa mpaka mwezi huu, na chini kuna mstari wa saini yangu. Hawajalipwa. Alikaa kwenye kiti kile kile ulichokuwa ukimwekea, akazungumza kwa sauti ya chini kama tuko msibani.

"Mwalimu, si uongo. Ni kutanguliza tu. Giza likiingia watalipwa, wewe unajua."

"Na vijana?"

"Watasaini. Wataka kucheza wale."

"Na nikikataa?"

Akashusha pumzi. "Tutarudi ligi ya wilaya. Vijana watatawanyika. Na watu watasema Mwalimu ndiye aliyeiua timu. Mimi sitasema, lakini watasema."

Nilifikiria kujiuzulu. Nikaona kwamba nikitoka mimi atasaini mwingine kabla kiti hakijapoa, nami nitakuwa nimeokoa jina langu tu. Nilifikiria kuuza shamba. Nikaona litalipa mbalamwezi hii, na ile inayofuata itakuja vilevile. Kila mlango nilioufungua ulinirudisha sebuleni kwangu, na karatasi ikiwa juu ya meza.

Jana jioni vijana wakaja. Walikuwa saba. Wakasimama mlangoni kama kawaida, wakaniamkia, na wote wakatazama jikoni kisha wakatazama chini. Tangu masika, ulipotutoka, wanajua huko hakuna mtu, lakini njaa haina habari hiyo. Nikawaambia wakae. Nikaliteremsha sufuria.

Mama Sauda, nimekuona ukisonga ugali wa muhogo maisha yangu yote, na nilidhani kuona ni kujua. Ugali ulinishinda. Nilivutana na mwiko mpaka beki wako akaninyang'anya, akasema, "Lete Mzee, utajivunja." Dagaa nikawatia chumvi mara mbili kwa kusahau. Wakala. Mmoja wao akanong'ona, "Leo ziwa lote limeingia humu," wenzake wakamkanyaga miguu chini ya mkeka, na mimi nikajifanya sikusikia.

Walipomaliza, Bukuru akabaki kuosha vyombo, kama ulivyomfundisha. Nikamuuliza jambo ambalo kwenye vijiwe vyote, kwa miezi yote ya ubishi huu, sikumsikia shabiki hata mmoja akimuuliza mchezaji.

"Ungekuwa mimi, ungesaini?"

Alilisugua sufuria kwanza. "Baba, kule nilikokwenda kucheza kabla sijarudi hapa, nilisaini mara mbili kwamba nimelipwa, na sikuwa nimelipwa. Kusaini ni rahisi. Ila ukishasaini, huna tena unachodai. Nilikwenda kuomba changu, wakanionyesha jina langu."

"Na timu ikitolewa kwenye ligi?"

"Nitaumia," akasema. "Nina miguu ya misimu miwili mitatu hivi imebaki. Nitaumia sana." Akalifunika sufuria, akaifuta mikono. "Lakini usiwape jina langu, Baba."

Akaenda. Nje kulikuwa kweupe, nikamwona mpaka alipokata kona.

Basi nimeamua, na sitaki udhani uamuzi umenipa raha. Jumapili sitasaini. Nitawaeleza wanachama, polepole kama kawaida yangu, kwamba sheria ile haitujui na tuna haki ya kuipigia kelele mpaka itujue, na mimi nitakuwa wa kwanza kwenye kelele hiyo. Lakini nitawaeleza pia kwamba kabla haijaja tuliishi miaka yote kwa mshahara wa mtu ambaye hayumo kwenye hesabu yoyote ya klabu, aliyekuwa akilisha timu nzima kutoka jikoni kwake, nasi tukauita huo uvumilivu wa wachezaji. Tangu yule wa nyavu aondoke, tulijisifu kwamba timu yetu haina mfadhili. Ilikuwa naye. Alikuwa amekaa kwenye kigoda.

Maulidi atapiga meza. Katibu hatanitazama. Wavuvi walioachia mabeseni yao kwa miaka watauliza walikuwa wakichangia nini, na jibu la kuwatosha sina. Vijana watafungasha, wengine kwenda Mwanza, wengine kurudi kwenye bodaboda pale Gungu. Nami nitaendelea kuishi hapa mwaloni, katikati ya watu hao hao, na kila jioni ya giza nitaiona mitumbwi ikitoka na taa zake bila beseni la mtu yeyote. Sina pa kwenda pengine. Kaburi lako liko hapa.

Samahani kwa khanga. Niliinunua siku ile ile niliyoisoma sheria mara ya kwanza, kwa furaha, kana kwamba ungerudi kuivaa. Iko kabatini, bado imekunjwa. Nilitaka uje uwanjani kwa sababu ya neno lako, na sasa siku hiyo ninaisogeza mbali kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini ningesaini, ningekuwa nakualika kutazama watoto wenye njaa wakikimbia, na karatasi ikisema wameshiba. Najua ungefanya nini. Ungegeukia vyombo.

Nimewaambia wale saba kwamba lolote litakalotokea Jumapili, waje kula. Kwa hiyo siwezi kukaa sana mkutanoni, hata wakiamua kunizomea. Muhogo nimeshaununua, Bi Asha ameahidi kunionyesha kipimo cha chumvi, na mbalamwezi ina siku kadhaa bado.

Lala pema, Mama wa vijana wote wa mwaloni.

Mumeo, aliyebaki na sufuria,
Baba Sauda