Wa Kumi na Tano wa Got Adero

Shule ya Upili ya Got Adero,
S.L.P. 31,
Pap Onditi.
Jumapili, 12 Juni 1994

Mpendwa Shemeji Walter,

Salamu nyingi zikufikie hapo Voi, wewe na dada yangu Nasipwondi na watoto wenu. Je, u mzima? Kifua kinaendeleaje? Kile kikohozi chako kidogo kinachotangulia kila unachosema, kana kwamba unabisha hodi kabla ya kuongea, bado kipo au kimepata dawa? Huku kwetu tunamshukuru Mungu, tunakula na tunalala, ingawa kulala kwenyewe mwezi huu kumekuwa kwa vipande.

Mama yuko salama Bungoma. Ng'ombe wake mwenye pembe moja amezaa ndama jike, na sasa hakuna mgeni anayeondoka bila kupelekwa zizini kumwona. Anauliza swali lake la kila mwaka: ni lini Nasipwondi ataonyeshwa kwao alikoolewa? Miaka saba ya ndoa na hajakanyaga ua wa mama mkwe wake. Nilimjibu kwamba kazi ya reli haina likizo. Yeye alinitazama tu, nawe unamjua mama akikutazama.

Nilikuandikia Januari kukuarifu kwamba nimehamishiwa shule hii, huku kwenu Nyakach. Hukunijibu. Nikasema posta wameimeza barua, kisha nikasema shemeji yangu amekuwa mtu mkubwa. Sasa najua kwa nini hukujibu, na sikulaumu hata kidogo. Nivumilie nianzie mwanzo, maana mwalimu hawezi kusimulia jambo bila kulipanga kwanza ubaoni.

Nilipofika, mwalimu mkuu alinikabidhi timu ya mpira wa miguu kama mtu anayempa mgeni mbwa anayeuma amshike kamba. Timu haikuwa imeshinda mechi tangu sijui lini. Mwaka jana walifungwa tisa bila, wakarudi wakiimba, ndipo nikajua wamekata tamaa kabisa. Mwalimu mkuu akaniambia tusiposhinda hata mechi moja muhula huu wa pili, soka inafutwa na uwanja unalimwa mtama.

Mimi ni mbishi, unanijua. Nilikusanya vijana kumi na wanne. Wavuvi wakatupa nyavu kuukuu za kuvulia samaki wa mbuta, tukazifunga kwenye milingoti ya mkalitusi, na kwa mara ya kwanza magoli yetu yakawa na wavu. Uwanja wenyewe unaukumbuka: goli moja linatazama barabara, la pili linatazama ziwa, na kutoka goli la pili hadi majini ni kama hatua mia mbili.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni wavu. Nyavu zote mbili zilitoka kwenye rundo moja, zikafungwa siku moja. Lakini asubuhi wavu wa upande wa barabara ulikuwa mkavu, na wa upande wa ziwa ulikuwa unachuruzika maji hata siku ambayo haikunyesha. Nikasema ni umande. Umande mwingi namna hiyo ungeotesha mpunga.

La pili lilikuwa hesabu. Kabla ya mazoezi nilikuwa nikiwapanga mstari, kila mmoja anataja namba yake kwa sauti. Kumi na wanne tu, nimewaandika majina mwenyewe. Siku ya kwanza hesabu ikaishia kumi na tano. Nikawakemea kwamba kuna mtu ametaja mara mbili. Siku ya pili nikatembea na kidole, nikimgusa kila mmoja begani anapotaja namba yake. Nilimgusa wa kumi na nne, nikashusha mkono, na namba kumi na tano ikasemwa pale mwisho wa mstari, kwa sauti ya kijana, ya utulivu kabisa. Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wanaangalia miguu yao.

Mama Benta, mpishi wa shule, aliniita kando ya jiko. "Yawa, mwalimu," akasema, "hii mambo ya kuhesabu watoto, wacha. Mtu hahesabiwi kama mbuzi. Tena hapa Got Adero? Wacha kabisa." Nikamuuliza kwa nini hapa hasa. Akafunika sufuria na kuniambia chai ya walimu iko tayari.

Nikaacha kuhesabu, maana hata kwetu Bubukusu wazee hawapendi. Badala yake nikawaambia washikane wawili wawili wapigiane pasi. Kumi na wanne, jozi saba, hesabu ya darasa la pili. Obiero akaja kulalamika kwamba amekosa mwenzake. Nikatazama uwanjani kutafuta ni nani mwingine aliyebaki peke yake, na nikamwona. Wawili walikuwa peke yao, Shemeji, lakini ni mmoja tu aliyelalamika. Huyo wa pili alikuwa mbele ya goli la ziwa, anapiga mpira langoni, anangoja, na mpira unamrudia.

Kijana huyo anaitwa Waliaula. Ni wa kwetu, wazazi wake wamehamia Nyamasaria kwa kazi, na alikuja hapa Mei. Nilimfanya kipa kwa sababu ya ugeni wake. Wenyeji wote walikataa kusimama golini. Mmoja alidai ana malaria, mwingine akadai macho. Waliaula hakujua lolote, akakubali. Lakini wiki haikuisha naye akaanza kusimama karibu na mlingoti wa kushoto, katikati kote akaacha wazi. Nikamfokea. Akanijibu bila ujeuri wowote, "Sir, hapo katikati si iko mtu?"

Sasa nikuungamie jambo ambalo sijamwambia hata padri. Mechi ya kwanza ya kanda tulicheza nyumbani, na kipindi cha kwanza tulilinda goli la ziwa. Wenzetu walipata penalti. Mpigaji akaupiga katikati, kwa nguvu, Waliaula akiwa ameruka kushoto. Mpira ulisimama kwenye mstari. Ukakaa hapo kidogo, kisha ukaviringika kurudi kwa mpigaji. Refa akatazama firimbi yake kana kwamba ndiyo iliyokosea. Tulitoka sare ya bao moja kwa moja, na bao tulilofungwa liliingia kipindi cha pili, tulipohamia goli la barabara. Mwalimu mkuu alinipa mkono mbele ya shule nzima. Nami, Shemeji, nilifurahi. Nilijiambia kwamba kama kuna mtu anatulindia goli bure, mimi ni nani nimfukuze? Nikanyamaza wiki nzima. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumatano iliyopita nililipia ukimya wangu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua bado linachoma. Waliaula alitoka golini, akapita nyuma ya wavu, akatembea taratibu kuelekea ziwani. Nilidhani anakwenda haja. Alipoingia majini na viatu vyake nikaanza kukimbia. Nilimfikia maji yakiwa kifuani kwake, gugumaji limemzunguka, nikamvuta kwa jezi hadi nchi kavu. Nikamuuliza, wewe, ulikuwa unaenda wapi? Akasema, "Naenda kuchukua mpira, sir. Yeye amenituma. Anasema amechoka, nimpokee." Mpira, Shemeji, ulikuwa kwapani mwangu tangu mwanzo. Nilikimbia nao bila kujua.

Asubuhi yake nilimpeleka mwenyewe Nyamasaria nikamkabidhi kwa mama yake, Nabututu. Nilimwambia mtoto ana homa. Mama huyo alimshika kichwa na kuniambia, "Mbona nywele yake haikauki?"

Niliporudi nilimkuta mama mzee amekaa chini nyuma ya goli la ziwa. Alikuwa amekuja na bakuli la nyoyo, mahindi na maharagwe kama mnavyopika kwenu, na ameliweka chini ya mlingoti. Akanikaribisha nikae, kana kwamba uwanja ule ni sebule yake. Ni Mama Aoko. Najua unamjua. Mimi sikumjua, kwa hiyo alinieleza yote, na mengine nitayarudia hapa ili ujue kwamba nimeyasikia.

Alinieleza kwamba mwaka 1984 timu ya Got Adero ilikwenda kucheza Kendu Bay, barabara ikakatwa na mvua, wakarudi kwa mashua. Walikuwa wachezaji kumi na tano. Karibu na ufuo upepo ukawapindua, wakaogelea katika mvua nene hata mtu hamwoni mwenzake. Mwalimu wao alikuwa amelazwa hospitali, kwa hiyo kapteni ndiye aliyewapanga mstari ufuoni na kuwahesabisha. Kumi na tano wakaitika. Kapteni akawaambia wavuvi waliokuwa wameshika makasia tayari kuingia majini kwamba watu wote wamefika. Wavuvi wakaenda zao. Kulipokucha ndipo walipogundua kwamba kipa, Absalom, mwana wa Mama Aoko, hayupo. Hakuonekana tena, hata kiatu.

Nilimuuliza jina la kapteni. Akasema, "Walter Oduor, yule wa reli. Alioa msichana wa Bungoma, na hata hatujamwona."

Shemeji, wewe ulituambia uliacha mpira kwa sababu ya goti.

Mama Aoko hakukulaani. Nataka usome sentensi hiyo mara mbili. Maneno yake nimeyaandika siku ile ile nisije nikayaharibu: "Watu walisema Walter alidanganya, alikuwa anasikia baridi anataka kwenda nyumbani. Mimi pia nilisema. Kumbe mtoto wangu aliitika. Alifika na wenzake, akahesabiwa. Halafu mimi nikazika yago, ile tunda tunazika kama mtu amebaki kwa ziwa. Nilikosea. Nilizika mtu wa ziwa na yeye alikuwa amehesabiwa nchi kavu. Sasa ziwa haimtaki, kaburi haimjui. Amebaki kwa kazi yake tu, na amechoka."

Nikamuuliza tufanye nini. Akasema, "Mwenye alimhesabu akuje. Tusimame na yeye kwa hiyo kaburi, ahesabu tena, aishie kumi na nne. Halafu nitampea chai, aende kwao aone mama yake."

Nimelifikiria siku tatu. Kwa miaka kumi umebeba mzigo wa mtu aliyehesabu vibaya. Hujajenga hata simba, kile kibanda cha kijana, kwenu, hujampeleka mkeo nyumbani, na Nasipwondi aliniandikia Pasaka kwamba usiku unaamka kuwagusa watoto vichwa mmoja mmoja. Mimi nimesimama mwisho wa mstari ule ule, nimewagusa vijana mabegani kwa mkono wangu, na nimeisikia namba ya kumi na tano. Kwa hiyo nakuambia mimi, si kwa kukufariji: ulihesabu sawasawa. Hukudanganya mtu. Uliitikiwa.

Njoo basi. Mechi ya pili hapa nyumbani ni Jumamosi tarehe 25, na vijana wameniambia hawaingii uwanjani mpaka jambo hili limalizwe. Hawazungumzi hata Kombe la Dunia linaloanza Ijumaa, na kuna mtu Pap Onditi amekodi televisheni na betri ya gari. Soka ikifutwa na uwanja ukalimwa, nitaumia, lakini nitapona. Ninachoogopa ni kijana mwingine kutumwa mpira. Njoo na dada yangu, umwonyeshe kwenu mchana kweupe.

Nisalimie Nasipwondi, mwambie lesso yake iliyobaki kwa mama haijaliwa na panya. Wasalimie mpwa wangu Lornah na mdogo wake Zadock, na jirani yenu Mama Elsie aliyenipikia samaki wa nazi nikamaliza bila haya. Mama anawaombea kila jioni, na Mama Benta, ambaye hakujui, amesema tukuweke katika maombi pia. Mungu azitangulie njia zako zote, za reli na za miguu, akulinde na akufikishe.

Kabla sijaifunga bahasha, kuna la leo. Baada ya kanisa niliwaita vijana uwanjani. Nilitaka kujua kama kuondoka kwa Waliaula kumetuliza mambo, kwa hiyo nikapuuza onyo la Mama Benta, nikawahesabisha. Waliobaki ni kumi na watatu. Wakataja hadi kumi na tatu. Ile sauti ya kijana, tuliyoizoea, ikasema kumi na nne. Nikashusha pumzi, nikageuka kwenda zangu. Ndipo nyuma yangu mtu akakohoa kidogo, kama anayebisha hodi kabla ya kuongea, akasema kumi na tano.

Shemeji, pale juu mwanzo wa barua nimekuuliza kama u mzima, kama adabu inavyotaka. Sasa nauliza tena. Usimwachie Nasipwondi kunijibu. Niandikie kwa mkono wako mwenyewe, hata mstari mmoja: u mzima?

Wako akupendaye na anayekungoja,
Shemeji yako,
Wanyonyi