Shemeji, Ulimpisha Mama Nami Nikaangusha Vijiti

Mpendwa shemeji Benedikti,

Sisi huku wazima. Mimi nimenenepa kuliko ulivyoniacha, na mkweo, Mama yangu, jana alicheka. Kicheko hicho ndicho kilichonikalisha na kalamu, mimi niliyeishia darasa la tatu kwa sababu dunia ilikuwa inaniita.

Unanijua. Nimevaa buti za vita, nimefika Kolombo na Burma, na kriketi niliiona huko wakati hapa Ifakara hakuna aliyejua vile vijiti vitatu vinachomekwa ardhini vifanye nini. Basi wenye maduka walipotaka mtupaji mpira wa kushindana na kinu, wangemtafuta nani kama si mimi dereva wao? Nawe, fundi wa kinu cha mpunga, ukasimama upande wa kinu na gongo lako la kupigia.

Na ulipiga, shemeji. Naandika mara moja, kwa mdomo sitarudia: mipira yangu uliichapa kama mtu anayepura mpunga. Mwishoni ilibaki mbio moja, yaani pointi moja tu, kinu kishinde, na nyuma yako hakuna mpigaji mwingine. Ulikuwa umekimbia ukafika salama upande wangu penye vijiti, ndani ya mstari wa chokaa, na mpira umerudi mkononi mwangu.

Hapo Mama akatokea, kikapu cha mchele kichwani, akikata uwanja kwa njia yake ya siku zote. Ukamwona mkweo anakujia. Ukafanya kama mwana wa watu: ukampisha, ukageuza uso, ukachuchumaa pembeni. Pembeni, yaani nje ya mstari. Nami nikaangusha vijiti.

"Katoka!" akapaza sauti fundi cherehani, mwamuzi wetu. Kisheria alisema kweli: mchezo ulikuwa haujasimama, na aliye nje ya mstari, vijiti vikiangushwa kwa mpira, ni halali ya mtupaji. Wenye maduka wakanibeba juu juu, nami nikipiga kelele, "Haya ndiyo ya Kolombo!"

Mama akasimama.

"Umemfanya nini mkwe wangu?"

"Nimemtoa mchezoni, Mama."

"Kwa kosa gani?"

"Kavuka mstari."

"Alikuwa anampisha nani?"

Nikawaambia walionibeba wanishushe. 

Wewe ukajipangusa magoti, ukampa mwamuzi mkono, kisha mimi. "Umenipata, shemeji," ukasema, basi. Wiki haijaisha, ukamchukua mkeo, dada yangu Restituta, mkahamia Malinyi, ng'ambo ya mto. Mvua zikaanza, na neno lenu halikufika; nikasema mmenikimbia mimi.

Mama hakuninyima chakula. Ila kila nikisifu mboga, anasema, "Kula, bingwa." Masika yote nilikuwa nakaza boliti za lori huku nakuona umechuchumaa. Nilimfuata fundi cherehani afute matokeo. "Sheria ulikuwa nayo," akanijibu. Kweli nilikuwa nayo. Nilibaki nayo peke yangu.

Jana maji ya mto yalipungua, pantoni ikavuka, na dereva mwenzangu akaleta salamu zako, akazisema mbele ya Mama: "Benedikti anauliza, mbona shemeji yake kanyamaza? Yeye kazi ya Malinyi alikuwa ameshaipata kabla ya ule mchezo, kisha mto ukamfungia njia. Vijiti alishavisahau. Ila anasema Mama akipita tena, atampisha tena."

Mama alicheka hadi akakaa chini. "Kumbe masika yote umejiona mtu mkubwa, mpaka watu wakuhame wewe! Mto tu, baba, mto!" Nami nikacheka, machozi yakanitoka, nikasingizia moshi. Shemeji, nilipumua kama mtu aliyetuliwa gunia.

Hata hivyo nilikosa, na nataka ulisome kosa hilo kwa mwandiko wangu. Sheria iliniruhusu, haikunilazimisha. Ningeweza kuutia mpira mfukoni nikampokea Mama kikapu.

Jumapili maduka na kinu tunacheza tena. Nimewaambia wote kwamba Mama, au mama wa yeyote, akitokea, mchezo usimame hadi apite. Fundi cherehani akauliza sheria hiyo imeandikwa wapi. Nikamwambia bado, aiandike.

Ameiandika. Vuka na Restituta mje muione.

Ni mimi, shemeji yako mtupaji, niliyeshinda vibaya.