Viatu Havimo Baruani

Chumba kile kile, nyuma ya fundi cherehani
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa binti yangu,

Hujambo huko? Kifua je, bado kinakubana asubuhi? Mimi mzima, ila goti linasumbua, na usiniletee habari za dawa, nimezichoka. Mdogo wako hajambo. Mwanao mwili hajambo.

Nianze na shule. Sisi tuliimba a, be, che, tukikosea tunachapwa, nikaishia darasa la tatu. Mwalimu wa mwanao, kijana wa miwani, anawaambia washike koo wasikie "mmm" inavyotetema, ndipo awaonyeshe herufi. Nikasema huyu analipwa kwa kuvuma kama nyuki. Akaniita shuleni. "Bibi, usimtajie jina la herufi. Mpe sauti yake, aunganishe mwenyewe."

Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikaokota vizibo vya soda, nikaandika herufi kwa rangi ya kucha ya mdogo wako. Tukichambua mchele tunavipanga: m, a, ma. Haukupita muda mwanao, Chiriku wetu, akawa anasoma makopo, mifuko, hata kibao cha fundi. Nilijivuna mtaa mzima, sikufichi.

Sasa lile usilolijua. Miaka miwili barua zako namsomea yasiyomo. Mama anakuja. Mama amekununulia viatu vyekundu. Usinikemee. Ulitaka nimsomee nini?

Jumanne natoka bombani, namkuta sakafuni, barua yako ya mwisho mapajani, kidole juu ya mstari. Anavuta sauti moja moja mpaka zikashikana: mume wangu hajui kuwa nina mtoto.

"Bibi, huyo mtoto ni mimi?"

Ndoo ilikuwa bado kichwani. Akageuza karatasi upande wa pili.

"Na viatu nimevitafuta kote. Havimo."

Hakulia. Afadhali angelia. Tulimwita Chiriku kwa domo lake; sasa ni ndiyo na hapana tu. Nikishika karatasi yoyote nimsomee, anaichukua mkononi mwangu taratibu, anasoma mwenyewe. Mimi niliyempangia vile vizibo.

Nakulaumu, na mimi najilaumu, tugawane. Lakini mwandikie. Si mimi, yeye. Maneno mafupi, herufi kubwa, usiziunganishe. Kama hurudi, andika kuwa hurudi. Mumeo utamwambia au hutamwambia, hayo ni ya nyumba yako. Ila mtoto usimwandikie neno ambalo hutalitimiza, maana sasa hakuna wa kumbadilishia njiani.

Mdogo wako anakusalimu, shangazi yako mwenye kelele pia, na fundi wa mbele anauliza habari zako kila siku kama hana nguo za watu za kushona. Mungu akulinde huko, na moyo wako asiuache ukauke.

Chiriku nilimpa kalamu aongeze salamu zake. Alikaa nayo mpaka chai ikapoa, akanirudishia. Nafasi hiyo nyeupe hapo chini ni yake. Nimeiacha.

Nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Mama yako